Uhaba wa mashine za gemu: Kiwanda chapanga bei, mlanguzi avuna

KRISMASI ya mwaka 2020 iliwakuta wazazi wengi wa Marekani, Uingereza na Japani wakitafuta kitu kimoja kwa udi na uvumba. Si nyama, si nguo, bali mashine ya kuchezea gemu, PlayStation 5 ya kampuni ya Sony, ambayo wengi huiita PS5 kwa kifupi. Bei iliyopangwa na kiwanda ilikuwa karibu dola 500 kwa mashine inayotumia diski, na karibu dola 400 kwa isiyotumia diski. Aliyekwenda dukani hakuikuta. Aliyekwenda kwa mlanguzi aliikuta, tena mpya kwenye boksi lake, lakini kwa dola 800, 1,000 na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Msomaji wa ukurasa huu ana haki ya kuuliza, gemu na kilimo wapi na wapi? Jibu ni kwamba mkasa wa PS5 unaonyesha vizuri kuliko mingi kile kinachotokea pale bei inapowekwa chini wakati bidhaa haitoshi, jambo ambalo mnunuzi wa sukari, mbolea au vifaranga analijua kwa machungu yake. Kwenye sukari watu hubishana nani ameficha mzigo na ushahidi haupatikani. Kwenye gemu karibu kila hatua iliwekwa wazi: tarehe, bei, idadi ya mashine na hata namna watu walivyoruka foleni. Aidha, ndani ya mkasa huo wamo wakulima wa mpunga, ingawa wengi waliokuwa wakilalamika madukani hawakuwa na habari nao.

Oda ziliisha usiku

Septemba 16, 2020 Sony ilitangaza bei na siku ya kuanza kuuza mashine hiyo, na ikasema maduka yangeanza kupokea oda kesho yake. Baadhi ya maduka makubwa hayakusubiri. Yalifungua oda jioni ile ile, na waliolala wakiamini tarehe iliyotangazwa waliamka na kukuta mzigo umekwisha. Siku tatu baadaye Sony iliomba radhi hadharani, ikakiri kuwa shughuli hiyo ingeweza kwenda vizuri zaidi, na kuahidi mashine nyingine.

Novemba mauzo yalipoanza, kampuni hiyo ilikuwa imeshatangaza kwamba kutokana na ugonjwa wa corona hakungekuwa na mauzo ya dukani siku ya kwanza. Kila kitu kingefanyika kwa mtandao. Hapo foleni ya watu ikageuka kuwa foleni ya kompyuta, na katika foleni ya namna hiyo binadamu hashindi. Zipo programu maalumu ambazo mlanguzi huziacha zikeshe zikichungulia duka la mtandaoni. Mzigo ukiingia tu, zinajaza jina, anwani na namba ya kadi na kulipia kabla mtu wa kawaida hajamaliza kusoma bei. Kampuni ya maduka ya Walmart ilieleza kwamba katika mauzo ya PS5 ya Novemba 25, 2020 ilizuia majaribio zaidi ya milioni 20 ya programu hizo ndani ya nusu saa ya kwanza. Huko Uingereza kikundi kimoja cha walanguzi kilijigamba kuwa kimepata karibu mashine 3,500.

Wapo hata walioshinda foleni na bado wakakosa. Baadhi ya wateja wa Uingereza walilalamika kwamba vifurushi vilivyofika mlangoni vilikuwa na chakula cha paka au jiko dogo la kuchomea nyama.

Malalamiko ya mashabiki ya miezi ile yana jambo ambalo sisi wachumi hupenda kulipita haraka. Wengi walielewa kuwa kulikuwa na corona na viwanda vilikuwa vimebanwa. Kilichowachoma ni kutojua. Katika maduka mengi hapakuwa na namba ya foleni wala daftari la majina. Mtu alikaa miezi kadhaa akifungua duka la mtandaoni asubuhi na usiku, anaweka mashine kwenye kikapu, anafika mahali pa kulipa, kikapu kinakuwa kitupu. Aliyeanza kutafuta Novemba hakuwa na nafuu yoyote kuliko aliyeanza jana. Hali ilifika mahali kazi ya kuwaambia watu duka gani limepata mzigo ikawa kazi kamili: mwandishi wa teknolojia Matt Swider alipata wafuasi zaidi ya milioni moja kwa kutoa taarifa hizo tu.

Foleni ya zamani nayo haikuwa ya malaika. Novemba 2006, PlayStation 3 ilipotoka, watu wenye silaha walivamia wateja waliokuwa wamepanga mstari usiku nje ya duka katika mji wa Putnam, jimbo la Connecticut, na mmoja aliyekataa kutoa fedha zake alipigwa risasi. Hata Januari 2021 polisi waliitwa kwenye duka moja kubwa la Akihabara, Tokyo, baada ya mamia ya watu kusukumana wakiwania PS5.

Lakini kuna mfano mmoja wa zamani ambao ulistahili kukumbukwa. Desemba 2007, mashine ya Wii ya kampuni ya Nintendo, iliyouzwa dola 250, ilikuwa haipatikani kwa mwaka wa pili mfululizo. Nintendo na maduka ya GameStop wakatoa hati: mteja analipa bei kamili leo, anapewa karatasi, na mashine yake anaipata kabla ya Januari kwisha. Mtoto alifungua zawadi akakuta karatasi. Si furaha ile ile, lakini mzazi alijua kwamba mashine ipo na itakuja, na mlanguzi hakuwa na cha kumtishia. Sijaelewa hadi leo kwa nini utaratibu huo haukuwa wa kawaida mwaka 2020.

Kwa nini bei haikupandishwa?

Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza ataona dawa ya haraka. Kama watu wako tayari kulipa dola 1,000, kiwanda kiuze kwa dola 1,000, foleni itakwisha. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni sahihi. Kwenye soko, kuna mambo mawili yanayoizuia.

La kwanza ni hasira ya mteja. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwauliza watu wa Canada swali rahisi. Duka limekuwa likiuza sepeto za kuondolea theluji kwa dola 15. Usiku theluji kubwa imeanguka, asubuhi duka linapandisha bei hadi dola 20. Je, ni haki? Asilimia 82 walijibu kuwa si haki. Duka halikuleta theluji na sepeto zingekwisha kwa bei yoyote, lakini mteja huhesabu bei aliyoizoea kama ahadi. Kampuni inayotaka kumuuzia mtu huyo huyo gemu kwa miaka 7 ijayo haiwezi kupuuza hilo.

La pili ni namna biashara yenyewe ilivyo. Msomaji anayekumbuka kampuni za simu zilivyokuwa zikitoa simu kwa bei ya kutupa ili zile kwenye vocha atalielewa upesi. Mtengenezaji wa mashine za gemu hapati fedha nyingi kwenye mashine. Anapata kwenye gemu zinazouzwa baadaye na ada za uanachama. Sony ilieleza Agosti 2021 kuwa PS5 ya dola 500 ilikuwa ndiyo kwanza imeacha kuuzwa kwa hasara. Kwa hiyo lengo la kiwanda ni mashine ifike haraka kwa mchezaji, si kwa tajiri peke yake. Mashine iliyolala kwenye stoo ya mlanguzi ikisubiri bei haimuingizii Sony hata senti moja ya gemu.

Lakini nia njema hiyo haifuti hesabu. Ile tofauti ya dola 300 au 500 kati ya bei ya kiwanda na bei ya mtaani haikuyeyuka. Ilikuwepo, na ilikuwa inamsubiri mtu wa kuichukua. Kiwanda kilipokataa kuichukua, na mashine nyingi zikauzwa bila kupanga nani apewe kwanza, ilikwenda kwa yule aliyewahi. Maduka nayo yaliona. GameStop iliuza PS5 kwa kufunganisha na gemu na padi za ziada, mteja akilazimika kubeba vyote. Best Buy ilianzisha mwaka 2021 uanachama wa dola 200 kwa mwaka, na mmoja wa mvuto wake ulikuwa kupata nafasi ya mapema kwenye bidhaa adimu. Kila mmoja alijikatia kipande chake bila kugusa kibandiko cha bei.

Mpunga na chipu, maji yale yale

Sasa, mashine zilikwama wapi? Moyo wa PS5 ni chipu iliyobuniwa na kampuni ya AMD ya Marekani na kutengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC. Mwanzoni mwa 2020, viwanda vya magari viliogopa corona vikafuta oda zao za chipu. Wakati huo huo mamilioni ya watu waliofungiwa majumbani walinunua kompyuta, na nafasi iliyoachwa na magari ikajazwa. Magari yaliporudi mwishoni mwa mwaka yalikuta foleni, na mashine za gemu zilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Mkulima ataelewa kwa nini tatizo halikutatuliwa kwa mwezi mmoja. Chipu ya aina hii hupitia mamia ya hatua na huchukua takriban miezi mitatu au zaidi toka kuanza hadi kutoka kiwandani, sawa na mahindi toka kupanda hadi kuvuna. Ukitaka kiwanda kipya, hesabu ni ya mkahawa: unapanda leo, unachuma baada ya miaka mitatu. Hata bei ikipanda mara mbili kesho, mavuno ya kesho ni yale uliyopanda jana.

Juu ya hayo ukaja ukame. Mwaka 2020 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Taiwan, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka 50. Vimbunga huharibu, lakini ndivyo vinavyojaza mabwawa ya kisiwa kile. Viwanda vya chipu hutumia maji mengi safi kuoshea, na mabwawa yalipopungua serikali ililazimika kuchagua. Ikachagua kufunga mifereji ya umwagiliaji. Ilianza mwishoni mwa 2020 katika maeneo ya Taoyuan, Hsinchu na Miaoli, kisha ikaendelea kwingine mwaka 2021, hadi mashamba yaliyonyimwa maji yakafika hekta 74,000 hivi, karibu moja ya tano ya eneo lote la umwagiliaji nchini humo.

Wakulima walilipwa fidia wasilime. Viwanda vilibanwa matumizi, vikaleta maji kwa malori, lakini havikusimama. Kwa hiyo isieleweke kwamba ukame ndio ulioleta uhaba wa PS5. Uhaba ulikuwepo tayari. Ninachotaka msomaji aone ni upande gani wa mizani ulipewa maji. Kwa hesabu ya fedha uamuzi ule si wa kushangaza, kwani tone moja la maji kwenye chipu huzaa dola nyingi kuliko kwenye mpunga. Hata hivyo fidia hulipa mavuno ya msimu mmoja. Haimrudishi mteja aliyehamia kwa muuzaji mwingine kwa sababu mwaka huo hukuwa na mchele.

Mwaka 2021 mkuu wa fedha wa Sony, Hiroki Totoki, aliwaambia wachambuzi kwamba mahitaji yasingefikiwa hata kama kampuni ingepata vipuri zaidi. Alisema kweli. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, Sony ilikusudia kuuza PS5 milioni 14.8 lakini ilifikisha milioni 11.5.

Oda hewa

Kuna jambo lingine linalofanya uhaba uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza kwa nini oda huyumba zaidi kadiri unavyotoka dukani kuelekea kiwandani, kama mjeledi ambao mkono ukitikisika kidogo ncha yake inaruka mbali. Moja ya sababu walizotaja ni hii: mnunuzi akijua kwamba bidhaa itagawiwa kwa mgao, anaagiza zaidi ya anachohitaji. Anayetaka mia anaandika mia tatu akitegemea kupewa mia.

Shabiki wa PS5 alifanya hivyo hivyo. Aliweka oda maduka manne akinuia kufuta tatu. Duka lilihesabu wateja wanne, kumbe ni mmoja. Nasi Tanzania mwaka 2016, baada ya uagizaji wa sukari kubanwa na bei elekezi kuwekwa Sh1,800 kwa kilo, aliyezoea kununua kilo moja alinunua tano alipoiona, na muuza duka aliyezoea mifuko miwili akatafuta kumi. Si lazima wawe na nia mbaya. Hofu peke yake inatosha kumaliza mzigo ambao ungetosha wiki nzima.

Hatari ya oda hewa inakuja baadaye. Mwenye kiwanda akiziamini, anapanua. Wachumi wa kilimo huuita mchezo huo utando wa buibui: vitunguu vikipanda bei mwaka huu, kila mtu anapanda vitunguu, na mwakani vinaozea barabarani. Kwenye chipu ilitokea bila kukawia. Kufikia 2023 chipu za kuhifadhia kumbukumbu zilikuwa zimejaa sokoni hadi Samsung, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa chipu hizo, ikatangaza mwezi Aprili kupunguza uzalishaji, huku faida yake ya robo ya kwanza ikiporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Januari mwaka huo huo Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha PlayStation, alitangaza kwamba PS5 zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimeuzwa na kwamba anayeitaka ataipata dukani bila taabu. Mlanguzi aliyekuwa bado na maboksi stoo alikula hasara.

Mlanguzi na sheria

Wazee wetu wanalikumbuka neno mlanguzi tangu msako wa mwaka 1983, enzi za foleni za sabuni na unga, wakati waliotuhumiwa kwa ulanguzi na kuhujumu uchumi walipokamatwa nchi nzima. Uingereza na Marekani hazikufika huko, ila wabunge waliguswa. Februari 2021 mbunge Douglas Chapman aliwasilisha katika Bunge la Uingereza muswada wa kuzuia ununuzi wa mashine za gemu kwa programu na kuziuza tena kwa bei ya juu. Haukuwa sheria. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 2016 inayokataza programu kama hizo, lakini inahusu tiketi za maonyesho na michezo tu. Muswada wa kuipanua iguse bidhaa nyingine uliletwa 2018, ukaletwa tena 2019 na 2021, bila kupita.

Kwa maoni yangu, hata ungepita ungepunguza kasi ya mlanguzi lakini usingemwondoa. Mlanguzi haleti uhaba. Anauona. Baadhi yao walikuwa vijana wa vyuo au watu waliopoteza ajira wakati wa corona, ambao kwao faida ya dola 300 kwa boksi moja ilikuwa kodi ya nyumba. Lakini pia si kweli kwamba hana madhara, kama watetezi wake wanavyodai. Anapokusanya mashine 20 na kuzitoa moja moja, anaurefusha uhaba alioukuta.

Maduka ya Japani yalijaribu njia za mikono. Mengine yaliandika jina la mnunuzi kwenye boksi, au kuchana mfuko wa padi, ili mashine isiuzike tena kama mpya. Mtu aliyenunua acheze haumizwi na boksi lililoandikwa. Anayenunua auze anaumizwa sana. Ni mbinu ya bei rahisi, na ningependa kuiona ikitumika kwenye bidhaa nyingine.

Nintendo yataka historia ya mteja

Jibu lililokamilika zaidi lilitoka Nintendo. Kampuni hiyo ina historia ndefu ya kukosesha wateja: Wii kati ya 2006 na 2008, mashine ndogo ya NES Classic mwaka 2016, na Switch mwaka 2017. Juni 2024 rais wake, Shuntaro Furukawa, aliwaambia wanahisa kwamba dawa ya kwanza ya ulanguzi ni kutengeneza mashine za kutosha. Mashine mpya, Switch 2, ilipotoka Juni 5, 2025 kwa dola 450, ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne duniani kote. Kufikia Septemba 30, 2025 zilikuwa milioni 10.36.

Mzigo peke yake haukutosha, kwa sababu Japani pekee walioomba kununua kwenye duka la kampuni yenyewe walifika karibu milioni 2.2 katika awamu ya kwanza. Hapo Nintendo ilichukua hatua nyingine. Mwombaji alitakiwa awe na angalau saa 50 za kucheza kwenye mashine ya zamani na awe amelipia uanachama kwa jumla ya mwaka mmoja, kisha kura ikapigwa. Programu ya mlanguzi inaweza kujaza fomu kwa sekunde moja. Haiwezi kutengeneza saa 50 za mchezo zilizopita. Zaidi ya hapo, kwa soko la Japani ilitoka mashine ya lugha ya Kijapani tu kwa yen 49,980, wakati ile ya lugha zote ilikuwa yen 69,980. Tofauti hiyo ya yen 20,000 ilimpa nafuu Mjapani bila kumpa mlanguzi mzigo wa kupeleka nje. Masoko ya mtandaoni kama Mercari nayo yakakubali kushirikiana na kampuni kuondoa matangazo ya ulaghai.

Utaratibu huo una wanaoumia. Kijana ambaye hajawahi kumiliki mashine ya Nintendo hakuwa na historia, akaachwa nje ya kura ya mwanzo. Ni tatizo lile lile la mkulima ambaye hakujiandikisha wakati mfumo wa mbolea ya ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/2023: shamba analo, jembe analo, ila kwenye kanzidata hayumo. Bado, kati ya kumkosesha mgeni kwa muda na kumkosesha mteja wa miaka mitano kwa sababu roboti imemtangulia, nadhani kampuni ilichagua sawasawa.

Kibandani

Kwa upande wetu, uhaba huu hufika kwa njia ya mzunguko. Katika taarifa ya Sony ya kutangaza mauzo ya Novemba 2020, nchi ya kusini mwa Sahara iliyotajwa kwa jina ilikuwa Afrika Kusini. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo au Nairobi hupitia mikono ya wafanyabiashara wa Dubai, hivyo mnunuzi wa hapa mara nyingi hulipa bei ya mkono wa pili hata pale ambapo huko zilikotoka hakuna uhaba.

Mwenye kibanda cha gemu, anayetoza vijana kwa mechi, alikuwa na kinga yake: kusubiri. PlayStation 2 ilitoka Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299, nayo pia ilianza kwa uhaba, baada ya Sony kupunguza mzigo wa siku ya kwanza toka mashine milioni moja hadi 500,000 kwa kukosa vipuri. Mwaka 2002 ilikuwa dola 199, na 2009 dola 99. Ndiyo sababu ilijaa mitaani kwetu na kuendelea kulipa kodi za vibanda miaka mingi baada ya Wazungu kuiweka darini.

Safari hii kusubiri hakukusaidia. Agosti 2022 Sony ilipandisha bei ya PS5 Ulaya, Uingereza na Japani. Agosti 2025, karibu miaka mitano baada ya kutoka, iliipandisha Marekani kwa dola 50 hadi karibu dola 550. Xbox Series X ya Microsoft, iliyoanza kwa dola 500 mwaka 2020, ilifika dola 600 Mei 2025 na dola 650 Oktoba mwaka huo. Mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu, zile zile zilizokuwa zikikosa mnunuzi mwaka 2023, zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi na kampuni zinazojenga vituo vya akili bandia, na bei yake ikapanda kwa kasi.

Tukichukua dola kwa Sh2,500, mashine ya dola 550 ni Sh1,375,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mechi ya Sh500, mwenye kibanda anahitaji mechi 2,750 kurudisha mtaji wa mashine tu, umeme, padi na televisheni vikiwa kando. Kwa bei ya PlayStation 2 ya mwaka 2009, zingetosha mechi 500.